Theluji ya Aprili na ndege wa uani: nani hasa ana njaa?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Naishi kaskazini mwa Marekani, na huu ni mwaka wangu wa pili kuweka vilishio vya ndege uani. Mwishoni mwa Machi theluji ilikuwa imeyeyuka na robini wamerudi, nikasema baridi imekwisha, nikaviosha vilishio na kuviweka stoo. Wiki ya pili ya Aprili tukaamkia theluji nzito iliyofika juu ya kifundo cha mguu. Nilipofungua pazia, ua ulikuwa umejaa ndege kuliko siku yoyote ya Januari. Kulikuwa na vijivu vidogo vyenye tumbo jeupe, mmoja mwenye rangi ya kutu anayechakura theluji kama kuku, weusi wenye bega jekundu, na vichiriku vyenye mabaka ya njano. Nilirudisha vilishio mbio, lakini robini walisimama tu wamejikunyata, mbegu hawagusi. Je, niliwaua njaa kwa kuondoa vilishio mapema? Hao robini nifanyeje nao? Na nikitaka kuwatazama vizuri na kuandika ninachokiona, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na lile linalokusumbua roho: hujamuua ndege yeyote kwa kuweka vilishio stoo. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Wisconsin waliwafuatilia chikadi wenye kofia nyeusi, vile vindege vya gramu 11 hivi ambavyo bila shaka unavyo uani, wakapima kiasi wanachokipata kwenye vilishio. Hata waliozoea kulishwa walipata humo kama asilimia 21 tu ya nishati yao ya siku. Sehemu iliyobaki waliihangaikia wenyewe kwenye magome na vichaka. Baadaye watafiti haohao waliondoa vilishio mahali ambapo ndege walikuwa wamelishwa kwa miaka mingi, na chikadi wa hapo wakavuka baridi sawa na wenzao wasiowahi kuonja mbegu ya mtu.

Hapohapo usidhani kilishio ni pambo tu. Watafiti haohao walionyesha pia kwamba katika baridi kali, chikadi waliokuwa na mbegu za ziada walinusurika kwa asilimia 69 hivi, na wasiokuwa nazo kwa asilimia 37. Katika hali ya kawaida, basi, kilishio ni kitafunio, na siku mbili tatu za mwaka kinakuwa uhai. Umeamkia mojawapo ya siku hizo, ila kwa ndege tofauti na unaowadhania.

Theluji ya Januari na theluji ya Aprili hazifanani, ingawa kwa macho ni weupe uleule. Theluji ya Januari inawakuta ndege waliojiandaa. Waliobaki kaskazini wakati huo ni wala mbegu, vigogota wanaochokonoa magome, na wachache waliokwisha kubadili mlo wakawa wala matunda makavu. Wasioweza kuishi hivyo waliondoka tangu Septemba au Oktoba. Mateso ya Januari ni usiku. Kwenye latitudo ya 45 mwanga wa siku ni saa 9 hivi, na baada ya hapo ndege anafunga saa 15 gizani bila tonge. Chikadi hulivuka hilo kwa namna ya ajabu. Mchana hujaza mafuta yanayofika sehemu ya kumi ya uzito wake, na usiku hushusha joto la mwili kwa nyuzi 10 au zaidi ili ayachome polepole. Asubuhi mafuta yamekwisha, anaanza upya.

Katikati ya Aprili, mahali hapohapo, mwanga ni zaidi ya saa 13. Usiku umefupika na baridi yenyewe inaelea karibu na sifuri. Kwa mla mbegu, theluji ya Aprili ni kero ya asubuhi moja. Hao uliowaona wakigombania alizeti, hata usingerudisha kilishio, wengi wangelala na shibe.

Walio hatarini ni wale waliosimama pembeni bila kugusa kitu.

Robini wa Amerika hana uhusiano wa karibu na robini wa Ulaya. Walowezi walimpa jina hilo kwa sababu ya kifua chake cha rangi ya tofali. Mdomo wake ni mwembamba, wa kuvuta nyungunyungu na kumeza matunda laini. Hauwezi kupasua ganda la alizeti, na mwenyewe haitambui alizeti kuwa chakula. Ukimmwagia gunia zima ataliangalia kama mimi na wewe tunavyoangalia rundo la kokoto. Amerudi kaskazini kwa kufuata ardhi iliyoanza kulegea, na wiki iliyopita alikuwa akila nyungunyungu kwenye nyasi zako. Sasa nyasi zimefunikwa, na matunda ya vichakani ambayo yangemwokoa yaliliwa yote kabla ya Machi kwisha. Hapo ndipo ugumu wa theluji ya mwisho ulipo: inakuja wakati ghala la porini ni tupu na wageni wameshafika.

Wenzake katika shida hiyo ni ndege wa bluu wa mashariki, fibi, na mbayuwayu. Fibi na mbayuwayu ndio walio pabaya zaidi, kwa sababu wanakamata wadudu hewani, na hewa ya karibu na sifuri haina mdudu anayeruka. Mbayuwayu wa miti ana mwanya mdogo wenzake hawana: anaweza kula na kumeng'enya vitunda vyenye nta vya vichaka vya pwani. Mbayuwayu wa zambarau hana hata hilo, na baridi ya siku tatu nne mfululizo wakati wa machipuko imewahi kuangusha makundi mazima. Wanaowafugia nyumba za kuzalia hufika mahali pa kurusha nyenje hewani kwa kijiko ili ndege awadake akiruka. Nimeyaona hayo kwa macho yangu, mtu mzima na kijiko chake uani asubuhi ya theluji, na sikucheka.

Sasa utafanyaje kwa robini? Kwanza mpe ardhi kabla ya kumpa chakula. Chukua koleo ufyeke theluji mpaka nyasi zionekane, kipande cha mita mbili kwa mbili kinatosha, na kama nyumba yako ina upande unaopigwa jua la mchana, anzia huko kwa sababu hapo udongo hupata joto upesi. Chini ya mti wa msonobari pia theluji huwa nyembamba. Nimeona robini wakishuka kwenye kipande kama hicho dakika kumi tu baada ya mtu kuingia ndani, wakipita kando ya kilishio kilichojaa bila kugeuza shingo.

Halafu weka chakula hapohapo chini, au juu ya ubao mpana. Zabibu kavu ulizoziloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka zikavimba. Tufaha lililokatwa vipande vidogo, au nusu tufaha lililolazwa ngozi chini ili alidonoe kutoka ndani. Bora kuliko vyote ni mabuu ya mende wa unga, yale wanayouza kwa wafugaji wa samaki na mijusi. Yakiwa hai yanajinyonganyonga, na kule kujinyonganyonga ndiko kunakomwambia robini kwamba hiki ni chakula. Ukipata makavu tu, yaloweke. Ndege wa bluu naye atayachangamkia. Shahamu ya ng'ombe iliyosagwa vipande vidogo inafaa pia, mradi isiwe na chumvi. Mkate hapana. Unajaza tumbo na kumwacha ndege na baridi yake ileile.

Usikate tamaa wasipokuja saa ya kwanza. Mwenye njaa hana miiko, lakini inabidi kwanza ajue kwamba alichokiona ni chakula. Robini mmoja akithubutu, wengine humwiga, na baada ya hapo utawaona wakifukuzana wao kwa wao kwa ukali usioutarajia kwa ndege anayependwa hivyo. Mmoja hujitwalia rundo zima na kutumia nguvu nyingi kulilinda kuliko kula. Dawa yake ni kugawa chakula sehemu tatu au nne zisizoonana.

Kwa mbayuwayu na fibi huna la kuwawekea mezani. Unachoweza ni kuacha masanduku ya kuzalia wazi na safi, maana usiku wa baridi mbayuwayu wa miti na ndege wa bluu huingia humo na kusongamana. Wengine watarudi kusini kilomita kadhaa mpaka wapate ardhi isiyo na theluji. Robini na wale weusi wenye bega jekundu hufanya hivyo mara nyingi. Kwa hiyo ukiwaona jana na leo hawapo, usihesabu mizoga kichwani.

Maji ndiyo watu husahau, wakisema theluji si maji hayo? Ni maji, ila ghali. Kuyeyusha gramu moja ya theluji kunataka jouli 334, na kuipasha kutoka sifuri hadi nyuzi 40 za mwili wa ndege ni jouli 167 nyingine. Kwa maneno mengine, ndege anayekula theluji analipa mara tatu ya yule anayekunywa maji yaliyo kwenye sifuri. Sahani pana isiyozidi kina cha sentimita tano, jiwe katikati la kusimamia, na maji ya vuguvugu asubuhi na mchana: hiyo itakuletea hata ndege ambao kilishio hakijawahi kuwavuta. Usitie chumvi wala dawa yoyote ya kuzuia kuganda.

Sasa tuwajue wageni wako.

Vijivu vyenye tumbo jeupe ni junko. Ukitaka uhakika, subiri waruke: kingo za mkia hufunguka nyeupe kama mkasi. Wanakula chini, mara chache sana kwenye kilishio cha kuning'inia, kwa hiyo wamwagie punje ndogo nyeupe za jamii ya uwele kwenye theluji uliyoishindilia kwa kiatu. Usipoishindilia, mbegu zitazama na hakuna atakayezipata mpaka iyeyuke. Junko walikuwa nawe tangu Novemba. Leo wameongezeka kwa sababu walio kusini zaidi wako njiani kwenda misitu ya Kanada, na theluji imewakwamisha uani kwako. Majike kwa kawaida hukaa kusini zaidi wakati wa baridi kuliko madume, basi tazama kama leo kuna walio na rangi ya kahawia iliyofifia kati ya wale wa kijivu cha makaa. Huenda ni majike yanayopita.

Yule wa rangi ya kutu ni shomoro-mbweha, na nakuonea wivu. Hakai sana. Hupita Machi na Aprili kwenda kaskazini na mara nyingi hupitia vichakani bila mtu kumwona. Theluji ndiyo inayomtoa. Umesema anachakura kama kuku, lakini mtazame tena. Kuku huchakura mguu mmoja mmoja, huyu huruka mbele kidogo na kuvuta miguu yote miwili nyuma kwa mkupuo, theluji na majani vinarushwa nyuma, halafu anainama kuona amefukua nini. Junko humfuata nyuma na kuokota alichokifukua yeye. Ukikaa robo saa utaona nani mfanyakazi na nani mdokozi.

Wale weusi wenye bega jekundu ni madume waliotangulia kuja kudai maeneo kwenye matete. Majike watafuata wiki kadhaa baadaye. Angalia bega lenyewe: porini, kwenye eneo lake, dume hulifungua jekundu lote na kuimba akitikisika. Uani kwako, katikati ya umati, hulifunika kwa manyoya meusi mpaka ubaki mstari mwembamba wa njano. Yuko ugenini, hataki ugomvi. Akilifungua mezani, jua kuna mwenzake karibu anayemtolea onyo. Nakushauri upoteze nusu saa nzima kwa hilo bega tu.

Vichiriku vyenye mabaka ni chiriku wa dhahabu wa Amerika, na wakati huu hawafanani na picha yoyote ya kitabuni. Madume wanabadili manyoya ya mwili kutoka kahawia ya baridi kwenda njano ya kiangazi, na hubadili kipande kwa kipande, kama ukuta ambao fundi ameupaka kwa brashi akaenda kula. Kila mmoja ana ramani yake, hivyo kwa wiki moja au mbili unaweza kuwatofautisha mmoja mmoja. Nafasi hiyo huwa adimu kwa ndege wa uani. Wape alizeti iliyomenywa au zile mbegu nyembamba nyeusi za Ethiopia zinazouzwa kwa ajili ya chiriku.

Na kama una kardinali, usikose jozi yao. Dume atamenya alizeti, atamsogelea jike na kumwekea punje mdomoni. Januari angemfukuza kwenye kilishio hichohicho. Mwanga ulioongezeka umeshauambia mwili wake kwamba ni wakati wa kuzaa, na theluji haibadilishi habari hiyo. Ndiyo maana utamsikia akiimba juu ya tawi lililoelemewa na barafu. Chikadi nao wanapiga ile filimbi yao ya sauti mbili, ya kwanza juu, ya pili chini.

Kutazama kwenyewe kunataka mambo machache. Kaa hatua mbili nyuma ya dirisha, zima taa ya chumba, vaa nguo isiyong'aa. Darubini ya kukuza mara nane inatosha. Ya kukuza zaidi hutetemeka mkononi na hupunguza upana wa kuona. Saa nzuri ni ile ya kwanza baada ya mapambazuko, ndege wakifungua kinywa, na ya mwisho kabla ya giza. Iko na ya tatu ambayo watu wengi hawaijui: kabla theluji haijaanza. Watafiti huko Ontario, Kanada, waliwaweka shomoro wa taji jeupe kwenye chumba maalumu na kushusha kanieneo ya hewa, kama inavyoshuka dhoruba ikikaribia, na ndege hao wakawahi zaidi kula. Ukiona kilishio kimefurika mchana mtulivu usio na dalili yoyote, chungulia utabiri wa hewa.

Theluji inakupa pia zawadi ya mwanga. Siku za kawaida tumbo la ndege liko kivulini. Leo weupe wa chini unalimulika, hivyo rangi za ubavuni na chini ya mkia, ambazo ndizo zinazotenganisha shomoro mmoja na mwingine, zinaonekana wazi. Tumia nafasi hiyo kuwachora hata kwa mistari mibaya. Ukipiga picha, ongeza mwanga kwenye kamera kwa hatua moja hivi, la sivyo itadhani weupe wote ule ni jua kali, nayo itakutolea theluji ya kijivu na ndege mweusi asiyetambulika.

Katika kuandika, kosa la kila anayeanza ni kuhesabu kila anayetua. Chikadi mmoja akija mara arobaini kuchukua mbegu na kwenda kuificha, daftari litaonyesha chikadi arobaini. Fuata kanuni ya FeederWatch, mradi wa kuhesabu ndege wa kwenye vilishio ulioanzia Ontario mwaka 1976 na sasa unaendeshwa na Cornell Lab of Ornithology, kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell, pamoja na Birds Canada: kwa kila aina, andika idadi kubwa zaidi uliyoiona kwa pamoja, kwa mtazamo mmoja. Ukiona junko saba saa mbili asubuhi, kumi na wawili saa nne, na watano jioni, andika 12. Hujumlishi. Msimu wao huanza Novemba na kwisha Aprili 30, kwa hiyo theluji yako bado imo ndani. Pembeni ongeza kina cha theluji na nyuzijoto, na kitu kimoja ambacho fomu haikuulizi: nani alikuja ambaye kwa kawaida haji. Miaka kumi mbele, mstari huo ndio utakaousoma kwanza.

Nisikuache bila onyo, kwa sababu hapa theluji ya Aprili ni mbaya kuliko ya Januari hata kwa wala mbegu. Januari mbegu iliyolowa huganda ikabaki salama. Aprili theluji ni maji mtupu: mchana inayeyuka, mbegu zinavimba, zinaota ukungu, na chini yake yanafukuka makapi na vinyesi vya miezi mitano. Umati mkubwa ukikanyaga hapo, vijidudu vya salmonela husambaa upesi. Mlipuko wa mwaka 2021 uliua chiriku wengi wa misonobari huko Marekani, na watu walioshika vilishio au ndege wagonjwa nao waliugua. Weka mbegu za nusu siku tu, umwage zilizolowa, ufagie chini. Kila baada ya wiki mbili, au mapema zaidi kukiwa na umati kama huu, osha kilishio kwa sabuni, kisha kichovye kwenye maji yenye dawa ya klorini, sehemu moja ya dawa kwa tisa za maji, ukisuuze na kukianika mpaka kikauke kabisa. Ukiona ndege aliyefura manyoya, mzito, asiyeruka unapomkaribia, au chiriku mwenye macho yaliyovimba na kufungana, ondoa kila kitu kwa wiki mbili hivi hata kama theluji bado iko. Najua ni uchungu. Lakini wakitawanyika wana nafasi, wakibanana wanaambukizana. Ndege aliyekufa usimshike kwa mikono mitupu.

Dirisha ni hatari ya pili. Kipanga akitokea, na atatokea, maana umati huu ni sokoni kwake, kundi zima litalipuka kila upande. Kilishio kikiwa ndani ya mita moja kutoka kwenye kioo, ndege hapati mwendo wa kujiumiza. Kikiwa mbali kuliko hapo, anapata mwendo wa kumuua.  Kama huwezi kukihamisha, bandika alama nje ya kioo kwa kuachiana sentimita tano. Picha moja ya mwewe iliyobandikwa katikati haisaidii kitu. Na kipanga mwenyewe usimlaumu. Naye amesafiri, naye ana njaa, na kumtazama akikaa juu ya uzio dakika ishirini akingoja kichaka kitikisike ni somo zuri kuliko robini kumi.

Paka wa jirani, ndiyo, mfungie njia. Kipande ulichokifyeka kiwe mita tatu hivi kutoka kwenye kichaka: karibu vya kutosha ndege kukimbilia, mbali vya kutosha paka asivizie. Na kama eneo lenu lina dubu, wameshaamka. Jimbo la New Hampshire, kwa mfano, huomba watu waondoe vilishio ifikapo Aprili 1 kwa sababu hiyo. Hapo rudisha chakula mchana tu, kiingize ndani kabla ya jioni, na theluji ikiondoka uondoe kabisa. Kwa hao robini haibadiliki kitu, tufaha na zabibu za mchana zinawatosha.

Ukiendesha gari asubuhi hiyo, punguza mwendo. Kingo za barabara ndizo zinazofyekwa kwanza, na ndege wote walioukosa udongo uani wanaufuata huko.

Theluji hii haitamaliza siku nne. Siku ya pili utaona robini wakikaa muda mfupi zaidi kwenye tufaha, wakiruka kwenda kwenye nyasi zilizochomoza na kurudi. Kisha usiku mmoja upepo wa kusini utavuma, na asubuhi junko watakuwa watatu badala ya thelathini, shomoro-mbweha hayupo, ua umenyamaza. Andika tarehe hiyo pia, ni muhimu kama ile waliyofika. Robini atakayebaki utamwona akikimbia hatua chache, akisimama wima, akiinamisha kichwa upande mmoja kuangalia na kusikiliza chini ya udongo. Akivuta kitu kirefu kinachonyumbuka, toka nje uokote vipande vya tufaha vilivyobaki kabla havijaoza.